Huruma ya Dante iliishia wapi?

Swali limetoka kwa msomaji wa Tanga, nami nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza Inferno ya Dante kwa tafsiri ya Kiingereza na kuna kitu kimenikaa kooni. Mwanzoni huyu bwana anawahurumia waliomo motoni hadi anazimia. Mwishoni anampiga mtu teke la uso, anamnyofoa nywele, na mwingine anamwapia kiapo cha hila. Tena kila nikisoma maelezo ya chini ya ukurasa naambiwa huyu alikuwa adui yake, yule wa kambi pinzani, yule Papa ndiye aliyemponza. Je, hiki si kitabu cha kisasi kilichovishwa joho la dini? Halafu mimi ni Muislamu. Nilipofika wimbo wa 28 nilikifunga kitabu siku mbili."

Marahaba, mwanangu. Nianze kwa kukiri: kisasi kimo. Atakayekuambia hakimo hajausoma wimbo wa 8. Dante, mshairi anayejisimulia akitembezwa Jehanamu angali hai, na kiongozi wake Virgil, mshairi wa Roma ya kale, wanavuka kinamasi cha Styx kwa mashua, mara anaibuka mtu aliyejaa tope na kunyoosha mikono kwenye chombo. Ni Filippo Argenti, mtu wa Florence, mji wa Dante huko Italia. Dante anamwambia Virgil kwamba angefurahi sana kumwona huyu akizamishwa kwenye "mchuzi" huu kabla hawajafika ng'ambo. Ndiyo, mchuzi: neno lake ni broda, supu ya maji maji isiyo na ladha. Basi wenzake waliomo topeni wanamvamia na kumrarua, na Dante anaandika kwamba hata leo anamshukuru Mungu kwa alichokiona. Hapo hakuna falsafa, hapo ni mtu anayemjua mtu.

Na sababu za uchungu alikuwa nazo. Florence ya mwaka 1300 ilikuwa mji tajiri uliogawanyika: Waguelfu, kambi iliyokuwa upande wa Papa, walikuwa wamepasuka Weupe kwa Weusi, majirani wakiwindana mitaani. Dante, wa Weupe, alikaa miezi miwili, Juni 15 hadi Agosti 15, kwenye baraza la watu sita lililotawala mji. Mwaka uliofuata, akiwa Roma kwenye ujumbe kwa Papa Boniface VIII, Weusi waliuteka mji wakisaidiwa na Charles wa Valois, ndugu wa mfalme wa Ufaransa. Januari 27, 1302 Dante alihukumiwa bila kuwepo: amekula mlungula, alipe florini 5,000, akae nje ya mkoa miaka miwili, asishike tena cheo maishani. Hakulipa. Machi 10 hukumu ikageuka: akikamatwa, achomwe moto hadi afe. Hakuurudia mji wake tena. Alifia Ravenna mwaka 1321.

Kwa hiyo shairi hili la beti za Jehanamu liliandikwa na mtu ambaye serikali ya kwao ilikuwa imeshamwandalia kuni. Lishike hilo, kisha uniruhusu nikupeleke wimbo wa 10, maana jibu langu kubwa limo humo, na naona watu wengi huupita haraka.

Ni uwanja wa makaburi yanayowaka, vifuniko vimefunguliwa. Humo wamo waliosema roho hufa pamoja na mwili. Kutoka kaburi moja anasimama Farinata degli Uberti, anaonekana kuanzia kiunoni kwenda juu, kifua na paji la uso mbele, kama mtu anayeidharau Jehanamu yenyewe. Huyu ndiye alikuwa kiongozi wa Waghibelini wa Florence, wapinzani wa Waguelfu, kambi iliyowatimua jamaa za Dante mjini mara mbili. Swali lake la kwanza ni lile ambalo mzee yeyote wa mji mdogo humtupia kijana: wazee wako ni akina nani? Akisikia jina, anainua nyusi kidogo, anasema: hao niliwatawanya mara mbili. Dante naye hamezi: walirudi mara zote mbili, anasema, ila watu wako hawajaujua vizuri ufundi huo wa kurudi.

Kama kisasi ndicho kinachoongoza kalamu, hapa ndipo pa kumvua nguo adui. Dante anafanya kinyume. Anamwachia Farinata ukumbi. Anamwacha aseme kwamba mwaka 1260, baada ya Waghibelini kushinda vita vya Montaperti, wakuu wa ushindi waliketi kukubaliana kuibomoa Florence, na kwamba yeye peke yake alisimama akaitetea uso kwa uso. Ni adui aliyeuokoa mji ambao baadaye ulimfukuza yeye mshairi, na mshairi anaiandika sifa hiyo bila kuipunguza.

Katikati ya mazungumzo hayo, kando ya Farinata anachungulia mzee mwingine. Nadhani amepiga magoti, anasema Dante, kwani anaonekana kidevu kwenda juu tu. Ni Cavalcante de' Cavalcanti, baba yake Guido Cavalcanti, mshairi na rafiki mkubwa wa Dante. Mzee anaangaza macho huku na huku, kisha analia: kama akili ndiyo iliyokupitisha gereza hili la giza, mwanangu yuko wapi, mbona hayuko nawe? Dante anajibu kwamba hakuja kwa uwezo wake, ameletwa kwa ajili ya mtu ambaye huenda Guido wako alimdharau. Tazama kiambishi hicho, -li-. Mzee anadakia hapo hapo: Vipi? Umesema "alimdharau"? Kwani hayupo hai tena? Nuru tamu haimpigi tena machoni? Dante anasita kidogo kujibu, na mzee anaanguka chali kaburini, haonekani tena.

Lugha yetu inabeba kisa hiki bila jasho, kwa sababu kwetu pia baba anaweza kumzika mwanawe kwa herufi mbili za kitenzi. Lakini sikiliza kilicho nyuma ya pazia. Safari imewekwa siku za Pasaka ya mwaka 1300, na wakati huo Guido bado yu hai. Miezi michache baadaye baraza alilokaa Dante liliamua kuwahamisha viongozi wa kambi zote mbili ili mji utulie, na Guido alikuwa mmoja wao. Aliugua huko alikopelekwa na akafa mwishoni mwa Agosti. Dante alipoandika kile kitendo cha "-li-" alikuwa anajua kwamba mkono wake ulikuwa kwenye uamuzi ule. Tena Farinata, wakati wote huo, hakugeuza shingo wala kupinda ubavu. Alisubiri mzee wa pembeni aanguke, kisha akaendelea na siasa pale alipoishia.

Ukisoma Kiitaliano utaona jambo ambalo Kiingereza cha leo kinalimeza. Karibu kila mtu wa motoni Dante anamwita kwa "tu", wewe. Watu watatu tu anawaambia "voi", ile nafsi ya heshima: Farinata, Cavalcante, na mwalimu wake Brunetto Latini. Kwa adabu za kwetu, ndio watatu pekee aliowaamkia shikamoo huko chini. Mmoja ni adui wa ukoo wake, mmoja ni baba wa rafiki ambaye Dante mwenyewe alishiriki kumfukuza, wa tatu ndiye aliyemfundisha, kwa maneno yake mwenyewe, jinsi mtu anavyojifanya wa milele. Brunetto yuko kwenye mchanga unaonyeshewa mvua ya moto, kaungua uso. Dante hawezi kushuka kwake, basi anatembea juu ya kingo akiwa ameinamisha kichwa, ili asimwangalie mwalimu kutoka juu. Mwishoni Brunetto anaondoka mbio kuwafuata wenzake, naye Dante anamfananisha na wale wanaoshindana mbio kule Verona kugombea kitambaa cha kijani, na anasema alionekana kama yule anayeshinda, si yule anayeshindwa. Mlipa kisasi gani huyu?

Sasa hilo la kuzimia. Katika wimbo wa 5 Francesca wa Ravenna anasimulia jinsi alivyoanguka na shemeji yake Paolo, wote wakauawa na mume. Uzuri wa maneno yake ni hatari. Beti tatu mfululizo zinaanza kwa neno Amor: Upendo ulimkamata yeye, Upendo ulinikamata mimi, Upendo ulitufikisha kwenye kifo kimoja. Tafuta humo mahali anaposema "nilifanya". Hamna. Amefanya Upendo, kimefanya kitabu walichokuwa wakisoma pamoja, kafanya aliyekiandika. Na lugha hiyo ya upendo unaoshika moyo mwema kwa haraka ndiyo iliyokuwa lugha ya mashairi ya mapenzi ya Florence, ya Dante mwenyewe akiwa kijana. Kwa hiyo anapoanguka "kama mwili mfu unavyoanguka", mimi naona ameanguka mtu aliyesikia beti zake zikitolewa kama utetezi mahakamani.

Nikuambie na hili, ingawa liko pembeni ya swali lako: nyumba iliyomhifadhi Dante miaka yake ya mwisho Ravenna ilikuwa ya Guido Novello da Polenta, mtoto wa ndugu yake Francesca. Mwenyeji wake alikuwa akimlisha mtu aliyemweka shangazi yake Jehanamu.

Hapo ndipo utenganishe Dante wawili. Kuna msafiri, mtu wa miaka 35 aliyepotea msituni, anayelia, anayeogopa, anayekosea. Na kuna mshairi, mzee zaidi, mkimbizi, anayejua mwisho wa kila kisa na anayemtazama yule msafiri akijifunza. Huruma ya msafiri ni mtihani unaosahihishwa njiani. Katika wimbo wa 20 anawaona wapiga ramli, vichwa vimegeuzwa nyuma hivi kwamba machozi yao yanatiririkia mgongoni, naye anaegemea jiwe analia. Virgil anamgombeza kwa mstari mmoja mgumu: hapa pietà huishi pale inapokuwa imekufa kabisa. Neno hilo moja kwa Kiitaliano cha wakati ule ni huruma na ni ucha Mungu pia. Mojawapo lazima life ili jingine lipumue. Tafsiri nyingi huchagua upande mmoja na kumnyima msomaji fumbo lenyewe.

Basi tufike kwenye barafu, kwa yule uliyeshindwa kumsamehe Dante kwa ajili yake. Umeona mwenyewe kwamba chini kabisa hakuna moto. Lusifa anapiga mabawa yake makubwa kama ya popo, upepo wake unaligandisha ziwa la Cocytus, na wasaliti wamekwama humo kama vipande vya majani ndani ya kioo. Kuchomwa kunataka angalau joto la mtu. Aliyemsaliti aliyemwamini ameshalizima lake.

Dante anakanyaga, mguu wake unagonga uso wa mtu. Kwa makusudi, kwa ajali au kwa majaliwa, anasema hajui. Mtu anapiga kelele na kutaja Montaperti, Dante anashtuka: huyu ni nani? Hataki kusema jina. Dante anamkamata nywele za kisogoni, anaanza kunyofoa, mpaka jirani mmoja anachoka na kelele na kumtaja: Bocca, una nini? Bocca degli Abati ndiye, yule anayesemekana kuukata mkono wa mshika bendera wa Florence katikati ya vita hivyo hivyo vya 1260. Na jirani aliyemtaja ni msaliti naye. Hata hapo chini wanasalitiana.

Wimbo unaofuata ni ule wa kiapo. Fra Alberigo, aliyewaalika jamaa zake chakulani na kuwaua mezani, anaomba aondolewe barafu iliyomfunika macho ili alie kidogo. Dante anamwambia: niambie wewe nani, na nisipokusaidia, basi nifikie chini kabisa ya barafu hii. Unaona ujanja? Chini kabisa ya barafu ndiko anakokwenda hata hivyo, ndiyo njia yake. Ameapa kwa adhabu ambayo kwake ni nauli tu. Alberigo anaeleza kila kitu, ananyoosha uso, na Dante haondoi hata kipande. Tena anaandika kwamba kumfanyia ukorofi kulikuwa ndiyo adabu.

Wapo wasomi wanaosema hapa msafiri amehitimu: ameacha kuihurumia dhambi, amejipatanisha na hukumu ya Mungu. Maelezo hayo nayaheshimu, lakini hayanitoshi. Hapa ni ukanda wa wasaliti wa wageni, na msafiri amevunja ahadi aliyompa mtu aliyemwamini. Katika kila ngazi ya safari hii Dante huchukua kitu cha mahali alipo: kwenye wimbo wa wapendanao anaanguka kwa mapenzi, kwenye tope la wenye hasira anakasirika, kwenye barafu ya wasaliti anasaliti. Nadhani baridi imemwingia, na mshairi aliyejua sana kuchagua maneno hakukichagua kile kiapo kwa bahati mbaya. Kwa hiyo ile kero iliyokukaa kooni usiiteme. Aliyeandika ndiye aliyeiweka.

Na kwenye jambo moja hakujiachia kabisa: ni lile kosa alilohukumiwa nalo. Waliokula mlungula wamo kwenye shimo la tano la duara la 8, nyimbo za 21 na 22, wanachemka ndani ya lami. Dante anafungua kwa picha ambayo mtu wa Pwani ataipenda kuliko mtu wa London. Anaielezea karakana ya meli ya Venice wakati wa baridi: mmoja anatengeneza chombo kipya, mwingine anaziba mbavu za jahazi lililosafiri sana, huyu anapiga nyundo tezini, yule omoni, yule anachonga makasia, yule anasokota kamba, yule anatia viraka matanga. Ni kalafati tupu! Waitaliano wanasema calafatare, na maneno haya mawili ni ndugu. Nenda ufuoni Tanga asubuhi moja wakati mashua zimepandishwa, utausoma wimbo wa 21 kwa pua.

Juu ya lami hiyo wamo mashetani wenye ndoana, na kundi hilo ndilo linalomkimbiza Dante kwelikweli, hadi Virgil anamnyakua kifuani kama mama anayemnyakua mtoto nyumba ikiwaka na kuteleza naye mteremkoni. Mashimo mengine anapita akiangalia. Hili peke yake karibu limkamate. Mtu aliyefukuzwa mji kwa shtaka la mlungula anajiweka hatua mbili tu mbele ya ndoana. Na, kwa taarifa yako, wimbo wa 21 unaishia kwa shetani mkuu wa kikosi kupiga tarumbeta kwa makalio. Usikubali mtu akuambie shairi hili halicheki.

Kwa kuwa umesoma tafsiri, kuna kitu kimoja huwezi kukipata humo: vina. Shairi zima lina mistari 14,233, kila mstari mizani 11, beti za mistari mitatu mitatu. Mstari wa kwanza na wa tatu vina kina kimoja, na kina cha mstari wa kati ndicho kinachoubeba ubeti unaofuata. Ni kama kusuka ukili, kila mwaa unazama na kuibuka tena mbele. Nimejaribu mwenyewe na beti mbili za kwanza, kwa mizani 11 ya kwetu:

Katikati ya njia ya maisha
nilijikuta mwituni gizani,
njia iliyonyoka imekwisha.

Ni taabu kueleza jamani
mwitu ule mkali na mgumu,
niukumbukapo hofu moyoni.

Hiyo -mu ya mstari wa tano sasa inadai ubeti wa tatu, nao utadai wa nne, hadi mwisho wa wimbo. Huwezi kusimama. Malenga wa tenzi zetu, aliyezoea kina kimoja cha bahari kikimrudia kutoka ubeti wa kwanza hadi wa elfu, ataona mara moja tofauti: utenzi unarudi nyumbani kila mstari wa nne, huyu anaondoka tu. Jaribio langu lina kasoro, njia ya Dante imepotea na yangu imekwisha, lakini mstari wa kwanza umekaa mizani 11 bila kusukumwa, na nilifurahi siku nzima.

Sasa wimbo wa 28. Siutetei. Wakristo wa Ulaya ya zama zile waliaminishwa kwamba Uislamu ulikuwa kundi lililojitenga na Kanisa, na ndiyo maana Dante alilitia jina la Mtume, na la Ali, kwenye shimo la wapasua umoja, si kwenye makaburi ya wazushi. Ni ujinga wa zama zake, ameuandika kwa ufundi, na ufundi haukuufanya kuwa kweli. Kuufunga kitabu siku mbili ni haki yako. Kinachofaa kujulikana ni kwamba mtu huyo huyo, kwenye wimbo wa 4, aliwaweka Ibn Sina na Ibn Rushd kwenye ngome ya nuru pamoja na Aristotle, mahali pasipo mateso ila kutamani tu, na akamwona Salah ad-Din humo, peke yake, kando. Huyo ndiye aliyewanyang'anya Wakristo Yerusalemu mwaka 1187.

Liko na jingine, na hili wazee wanaosoma Miiraji kila Rajabu 27 watalielewa kabla ya profesa. Kiongozi mmoja, ngazi za adhabu, adhabu zinazofanana na makosa, kisha kupanda mbingu hadi nuru isiyotazamika. Mwaka 1264, kwenye baraza la Mfalme Alfonso X wa Kastilia, mtu mmoja wa Siena aitwaye Bonaventura alikitafsiri kitabu cha Miiraji kwa Kilatini na Kifaransa. Miaka minne kabla, Florence ilikuwa imetuma mjumbe kwa Alfonso huyo huyo, na mjumbe alikuwa Brunetto Latini, yule yule wa mvua ya moto. Mwaka 1919 padri Mhispania, Miguel Asín Palacios, aliandika kwamba mchoro wa akhera ya Dante umejengwa kwa mawe ya Kiislamu, na Italia nzima ikachafukwa roho. Tafsiri zenyewe zilikuja kuchapishwa mwaka 1949, mmoja wa waliozitoa akiwa Enrico Cerulli, ambaye wasomi wa Usomali na Ethiopia wanamjua kwa kazi nyingine kabisa. Alama ya kidole cha Dante kwenye kitabu hicho haijaonekana. Lakini siku hizi hakuna msomi makini anayecheka ukiuliza.

Ni ndani ya wimbo huo huo wa 28, mwishoni, ndimo lilimo neno ambalo vitabu vyote hulitumia kueleza adhabu za Dante, contrapasso, kulipwa kwa kipimo cha tendo. Limetajwa mara moja tu katika shairi zima. Analisema Bertran de Born, mshairi aliyemchochea mwana wa mfalme amwasi baba yake: alitenganisha waliounganika, sasa anatembea na kichwa chake mkononi kama taa ya chemni. Angalia ni nani aliyepewa kusema neno hilo. Mshairi. Mtu aliyetumia maneno kuwasha moto kati ya watu, akimwangalia mshairi mwenzake aliyesimama ukingoni na kalamu.

Swali la kisasi, basi, nisingelimaliza ndani ya Inferno. Umesoma nyimbo 34 kati ya 100. Fungua Toharani (Purgatorio), sehemu ya pili ya shairi, wimbo wa 5. Juni 1289 Dante, akiwa na miaka 24, alipigana juu ya farasi kwenye uwanja wa Campaldino. Mmoja wa makamanda wa upande wa adui alikuwa Buonconte da Montefeltro, aliyeuawa siku hiyo na mwili wake usionekane. Dante anakutana naye mlimani, ameokoka. Anamuuliza swali la askari: nini kilikupeleka mbali na Campaldino hata kaburi lako halikujulikana? Buonconte anasimulia: alikimbia kwa miguu, ametobolewa koo, damu ikichora njia uwandani, hadi kijito cha Archiano kinapoingia Arno. Hapo macho yakazima, akatamka jina la Mariamu, akaanguka. Malaika akaichukua roho, na shetani aliyekuwa akiisubiri akalalamika kwamba ananyang'anywa mtu kwa sababu ya kichozi kimoja. Kwa hasira akaleta mvua, mto ukafurika, ukaubeba mwili na kuufunika kwa changarawe.

Huyo alikuwa adui aliyeshika upanga upande wa pili wa uwanja. Baba yake, Guido da Montefeltro, aliyejivika joho la watawa Wafransisko uzeeni akidhani ameshapona, ulishamwona: wimbo wa 27, ndani ya ulimi wa moto.